Yule wa kucheza tu jukwaani

Shikamoo Mzee wa Kaseti. Desemba 1997 nilikuwa Boston, mchana nasoma, usiku naosha vyombo. Mwenzangu wa jikoni akanivusha mto hadi Cambridge, ukumbi wa Middle East, kuiona bendi ya Mighty Mighty Bosstones na suti zao. Nilitoka na kiatu kimoja. Hadi leo nikisikia tromboni nanusa jasho la ukumbi ule. Kwa nini gitaa lao lilinichanganya miguu? Na yule aliyecheza tu, bila ala?
Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nakuonea wivu! Maonyesho ya Desemba ile ndiyo yaliyozaa albamu yao ya 1998, Live from the Middle East; tega sikio, huenda kelele zako zimo. Mchezaji ni Ben Carr, aliyekuwa mwanabendi kamili. Miguu ilichanganyikiwa kwa kuwa gitaa la ska, muziki wao, halipigi unapokanyaga, linakata katikati: moja-cha, mbili-cha. Wajamaika waliianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hawa wa Boston wakaichanganya na makelele ya punk, yaani roki ya kasi, nami napenda zaidi pale tromboni na saksafoni zinapoyashinda. Bendi ilivunjika Januari 2022. Kiatu nacho kihesabu kimekwenda.