Jibu: Vitabu vinne kwa mwezi, na kichwani hakuna kitu

Ndugu wa Kadutu, unauliza kwa nini umemaliza vitabu vinne vya kujiendeleza mwezi huu na hukumbuki kitu. Tatizo si kichwa chako. Kupiga mistari na kusoma tena kunakuzoesha maneno, halafu unadhani umeyajua. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani, alionyesha tangu 1885 kwamba tunachojifunza huanza kupotea ndani ya saa chache.

Funga kitabu. Chukua kaye na biki, dakika 10, uandike unachokumbuka bila kuchungulia. Kisha fungua, ujaze mapengo kwa rangi nyingine. Rudia kesho, baada ya wiki, na mwisho wa mwezi. Kama kitabu ni cha Kifaransa, andika kwa Kiswahili: unapokwama ndipo hukuelewa.

Halafu, kwa kila kitabu, chagua jambo moja tu la kufanya, ulilete kwenye maisha ya hapa Bukavu. Kwa mfano, ushauri wa kuweka asilimia 10 ya mshahara haumfai mama anayeuza unga sokoni. Yeye atenge pesa ya likelemba (mchango wa kikundi wa kupokezana kwa zamu) kila jioni, akishahesabu mauzo na kutoa mtaji wa kesho, kabla hajanunua chochote.

Mwezi ujao soma viwili tu, tafadhali. Vinne ni vingi mno kwa mtu anayetaka kuvitumia.