Kwa nini asubuhi, na kwa nini Julai?

Papa, umeuliza kama baridi ya Julai hapa Lubumbashi inaweza kuchana aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Peke yake, hapana. Lakini baridi hubana mishipa midogo, tansio (shinikizo la damu) inapanda, na ukuta wa aota uliokwisha dhoofika unachanika kwa ndani. Takwimu za IRAD, rejista ya kimataifa ya wagonjwa waliochanika aota, zinaonyesha visa vingi huangukia kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 mchana, tena zaidi miezi ya baridi. Alfajiri mwili humwaga homoni za adrenalini na kortizoli ili uamke, na kwa wengi dawa ya jana asubuhi imekwisha nguvu.

Pima tansio kabla ya kumeza dawa: kaa kimya dakika 5, mkono juu ya meza, pima mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 20 kwenye namba ya juu mwambie daktari. Na usikurupuke kitandani kwenda kuwasha mbabula (jiko la makaa) nje na fulana tu!

Maumivu ya ghafla, makali tangu sekunde ya kwanza, kifuani au katikati ya mabega: hospitali mara moja. Aspirini usijimezee, kama ni mchaniko, damu itavuja zaidi.