Kaseti na Karatasi za Mama Mkunga

SWALI: Mama yetu alikuwa muuguzi mkunga tangu 1968 hadi 1999. Ametuachia sanduku la vyeti, barua za uhamisho, madaftari ya kazi na kaseti 11 ambamo anasimulia kazi yake. Kaseti moja ina ukungu, nyingine utepe umekatika. Tuanzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Anzeni na kaseti, maana utepe unachakaa na deki nzima zinazidi kuadimika. Faili la serikali litawapa cheo na mshahara wake. Alichofanya mtoto alipotanguliza makalio na taa ni kandili kimo kwenye sauti yake tu.

Kabla ya kutoa chochote, pigeni picha sanduku lilivyo, na msivuruge mpangilio. Barua ya uhamisho iliyokunjwa ndani ya daftari huenda ndiyo itakayowaambia "kule wodini" anakokutaja ni hospitali gani.

Yenye ukungu msiicheze kabisa. Vumbi lile jeupe huganda kwenye hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma utepe), kisha likahamia kaseti zote zinazofuata. Ifungeni peke yake kwenye mfuko wa plastiki, mpelekeeni fundi. Iliyokatika, kama ina skrubu 5, hufunguliwa na kuungwa kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu hapana: gundi yake huvuja na kunatisha mizunguko ya jirani.

Zilizobaki, vunjeni vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake. Safisheni hedi na gurudumu la mpira kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pitisheni waya kutoka tundu la kutolea sauti la deki hadi kwenye kompyuta. Simu iliyowekwa mbele ya spika hunasa hadi kuku wa jirani. Hifadhini kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kHz 48. Kaseti ya dakika 90 italeta kama GB 1.5. Sauti ikiwa imefifia, fundi azungushe kidogo skrubu iliyo kando ya hedi huku akisikiliza herufi "s": ikisikika wazi, hapo hapo. Akimaliza kurekodi, arudishe skrubu ilivyokuwa. Tengenezeni nakala 3, moja ikae nyumba nyingine.

Karatasi: toeni pini zenye kutu, msipige laminesheni (kuzifunika kwa plastiki), maelezo yenu andikeni kwa penseli. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta wa nje. Unyevu wa pwani hupanda humo.

Madaftari yapitieni kwa makini. Rejesta ya wazazi waliojifungua ni mali ya hospitali, irudisheni. Mkikabidhi vilivyobaki kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ombeni kwa maandishi kwamba sehemu zinazotaja wagonjwa kwa majina zifungwe, zisisomwe na umma. Na wakunga wenzake walio hai wasikilizeshwe nakala mwaka huu huu, watambue sauti na majina.