Jambo Bwana si ya Boney M yakhe

Weee, eti ile nyimbo Jambo Bwana ni ya Boney M, lile kundi la disko la Ujerumani? Wapi! Wao waliirudia tu 1983, yenyewe ni ya bendi ya Them Mushrooms wa huku kwetu Pwani ya Kenya, kaitunga Teddy Kalanda ikatoka 1982, enzi hizo wakipigia watalii mahotelini. Lakini madhali wataka kuwajua hao Mushrooms usianze na hiyo, wallahi tushaichoka, mgeni hajashuka kwa basi vizuri washamuimbia 😂 Anza na Embe Dodo, hiyo chakacha yenyewe, ile ngoma yetu ya Pwani, mzee wangu alikuwa akiiweka kwa gari tukipanga foleni ya feri Likoni airudia weee mpaka tuvuke na hakuna alolalamika. Rege zao pia si mbaya ila mi chakacha ndo yanimaliza.