Kijana wa gereji anasema "najua bosi" kumbe hajui, nampimaje?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina gereji na vijana wanaojifunza, kuna mmoja kaingia juzi tu ila kila kitu "najua bosi". Nimeona ile grafu ya Dunning na Kruger yenye mlima, eti asiyejua kitu anajiamini kuliko hata mtaalam. Ni kweli? Na nampimaje kabla hajaniharibia gari ya mteja?

JIBU: Nzuri kaka. Hiyo grafu ya mlima achana nayo, haimo kwenye utafiti wao kabisa. Kruger na Dunning wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1999 waliwapa wanafunzi mitihani ya mantiki, sarufi na kutambua utani mzuri, alafu wakawauliza unadhani umewapita wenzako wangapi. Robo ya wanafunzi walioshika mkia walikua wamewapita kama 12 kwa kila 100, wenyewe wakajipa kama 62. Ila walioongoza walijipa zaidi ya hapo, tena chini kidogo ya wanachostahili, kwahiyo mtaalam bado alijiamini zaidi, asiyejua yeye kapotea mbali tu kwenye kujikadiria. Na hata hiyo inabishaniwa maana aliyeshika mkia akikosea kujikadiria atakosea kwenda juu tu, chini hamna nafasi. Mi naona jambo lipo, ila dogo kuliko watu wanavyolitangaza.

Kwa kazi yako wasikilize zaidi watafiti Rozenblit na Keil wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, 2002. Hawa waliwaambia watu wajipe maksi wanaelewa kiasi gani zipu, kitasa au choo cha kuflashi vinavyofanya kazi, wakajipa kwa raha zao, wakaambiwa haya eleza hatua kwa hatua, wakakwama, kujipa maksi tena zikashuka. Ila walipoulizwa namna ya kufanya kitu, mfano kupika, maksi hazikushuka hivyo. Kitu tunachokiona na kukishika kila siku tunadhani tunakielewa, wakati tumekizoea tu.

Sasa huyo dogo inawezekana hata hakudanganyi. Ukimuuliza "unajua klachi?" anakumbuka alishafungua na kufunga, anajibu najua, na kufungua kweli anajua. We mwambie ajipe maksi kwa kumi, alafu aeleze nikikanyaga pedeli kinatokea nini mpaka gia iingie, kipi kinasukuma kipi, klachi pleti inaachana vipi na flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka na injini), achore hata kwenye boksi la spea. Usimsaidie maneno, hapo ndo wengi mnaharibu, mnamalizia sentensi yake anaitikia ndio ndio. Akikwama mwambie ajipe maksi upya yeye mwenyewe.

Na usifanye mbele ya mteja wala wenzake, akiona aibu atatetea heshima yake na kesho atakwambia najua kwa sauti kubwa zaidi. Fundi wako mkubwa nae mpitishe humohumo, kwa gari zenye mifumo ambayo hajawahi kuifungua, asije akawa nae anaishi kwa mazoea.