Logi imenyamaza, mashine bado inaganda

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninaandika draiva ya Linux kwa kadi ya kunasa video inayotumia PCI Express (PCIe), njia ya kuunganisha kadi na ubao. Kadi ikikaa sekunde 2 bila kazi, draiva inailaza hadi D3hot (usingizi ambao umeme wa kadi haujakatwa), na ikihitajika inaamshwa. Tangu niwashe utaratibu huo, logi imejaa “PCIe Bus Error: severity=Corrected, type=Physical Layer” pamoja na “error status/mask=00000001/00002000”, na mara chache Unsupported Request. Pia nina kazi ya nyuma inayosoma joto la chipu kila sekunde 5, na wakati mwingine inarudisha 0xffffffff. Nilishauriwa niongeze pci=noaer na pcie_aspm=off kwenye mstari wa kuwashia keneli, halafu msleep(100) mwanzoni mwa kuamka. Sasa logi ni safi, ila kila baada ya siku chache mashine inaganda kabisa. Nimekosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Swali hili linanifikia mara kwa mara. Kinachobadilika ni kadi tu, dawa ni zile zile tatu. Wacha nianze na dawa, kwa sababu ndizo zilizokufichia ugonjwa.

pci=noaer haisahihishi kosa hata moja. AER, yaani utaratibu wa PCIe wa kuripoti makosa, ni mlinzi anayepiga kelele usiku, nawe umemfukuza ili ulale. Kiungo kati ya kadi na ubao kinaendelea kukosea vile vile, na rejista za hali ndani ya kadi zinaendelea kuandikwa, ila hakuna anayezisoma. Tena hukupoteza maandishi peke yake. Kosa zito likitokea, AER ndiyo inayoiita draiva yako kupitia vitendo vya error_detected, kisha slot_reset, ili kadi ifufuliwe bila kuwasha mashine upya. Umeifunga njia hiyo kwa mkono wako.

Inayonichosha zaidi ni pcie_aspm=off, maana jina lake linadanganya. Watu wanaamini inazima ASPM, yaani utaratibu wa kulaza kiungo kisipotumika ili kuokoa umeme. Haizimi. Inaiambia keneli isiguse mipangilio ya ASPM kabisa, na iache kila kitu kama fimwea (programu ya msingi ya mashine) ilivyokiacha. Kama fimwea iliwasha L1, mojawapo ya hali za usingizi wa kiungo, kabla keneli haijapakiwa, L1 inabaki imewashwa. Endesha lspci -vv utafute mstari wa LnkCtl: nimeshawaona wengi wakiapa kwamba ASPM imezimwa, na hapo chini ya pua zao pameandikwa “ASPM L1 Enabled”. Baya zaidi, ukiweka kigezo hicho, faili za kudhibiti ASPM zilizo kwenye saraka ya link/ ya kadi hazionekani tena, kwa hiyo umeikosa hata ile zana ambayo ingekuzimia L1 kweli. Aliyetaka kuizima alipaswa kuandika pcie_aspm.policy=performance. Na hata hiyo isingekutosha wewe, kwa sababu kadi ikiingia D3hot kiungo chenyewe huingia L1 kwa amri ya hali ya kadi, ASPM iwepo isiwepo.

Kuhusu msleep(100) sina mengi. Sehemu ya keneli inayosimamia PCI hungoja milisekunde 10 kutoka D3hot kwenda D0 (kadi macho kabisa) kabla hata ya kuita kitendo chako cha kuamka. Ulichofanya ni kusogeza saa, na wawili waliokuwa wakigongana mlangoni sasa wanapishana mara nyingi zaidi. Kama waraka wa chipu unasema kweli inahitaji muda mrefu, ipo sehemu iitwayo d3hot_delay ndani ya pci_dev, muundo ambao keneli hutunzia taarifa za kadi. Weka namba hapo, na andika kando yake imetoka wapi.

Sasa ugonjwa. Ni miwili, na umeichanganya.

Wa kwanza ni ule wa 00000001. Hiyo ni biti 0 ya makosa yanayosahihishika, Receiver Error: upande mmoja wa kiungo ulipokea alama zisizoeleweka. Namba ya kulia, 00002000, ni kinyago cha biti 13 (kinazuia kosa la biti hiyo lisiripotiwe) ambacho kwa kawaida huwa kimewekwa. Si kosa lako, wala usihangaike nayo. Kosa la namna hii likitokea mara moja moja kiungo kinapotoka L1, vifaa vinalisahihisha vyenyewe na data haipotei. Cha kutazama ni wingi wake. Faili ya aer_dev_correctable iliyo kwenye saraka ya kadi huhesabu kila aina peke yake. Andika hesabu, lalisha na uamshe kadi mara 100, soma tena. Kisha andika 0 kwenye link/l1_2_aspm na mwenzake link/l1_2_pcipm, rudia. Makosa yakikoma, tatizo liko kwenye L1.2, usingizi mzito zaidi wa L1, ambamo saa ya rejea huzimwa: chunguza CLKREQ# (waya wa kuomba saa hiyo), muda wa T_POWER_ON (wa kungoja wakati wa kutoka L1.2), na kama thamani hizo zinarejeshwa sawasawa mashine nzima inapoamka. Yasipokoma hata baada ya kuzima ASPM L1 na kuizuia kadi isilale, achana na keneli ukague soketi, kebo na ubao.

Wa pili ndio unaokugandisha, na hauhusiani kabisa na kiungo. 0xffffffff si joto. Kwenye x86, usomaji uliokosa jibu halali humrudishia prosesa biti zote zikiwa 1, kimya kimya, bila kuangusha chochote. Kadi iliyo D3hot bado inajibu maswali ya eneo lake la usanidi, lakini kumbukumbu ya rejista zake haijibu: ombi linakataliwa, na huo ndio Unsupported Request wako. Hesabu mwenyewe. Kadi inalala baada ya sekunde 2, kazi yako inagonga kila sekunde 5. Video isipotumika, karibu kila ugongaji unaikuta imelala. “Wakati mwingine” uliyoiandika ni ule muda ambao hakuna anayenasa video.

Joto la uongo halimuui mtu. Lakini tazama mahali pengine unaposoma rejista, yaani kwenye kishughulikia intarapti, sehemu ya draiva inayoitwa kifaa kinapoomba kuhudumiwa. Nina hakika kina kitu kama hiki:

status = ioread32(base + STATUS);
if (!(status & DMA_DONE))
        return IRQ_NONE;

Tuseme laini ya intarapti inashirikiwa na kifaa kingine. Jirani anapiga, keneli inakuita wewe pia, kadi yako imelala. status inakuwa 0xffffffff. DMA_DONE, biti inayosema DMA (kadi kuhamishia fremu yenyewe kwenye kumbukumbu) imekwisha, imo ndani yake, kama zilivyomo biti nyingine 31. Kishughulikia kinaamini fremu imekamilika, kinachomoa bafa kwenye foleni ambayo pengine ni tupu, kinaandika shukrani kwa kadi isiyosikia, na kinarudisha IRQ_HANDLED. Kama ulikiandika kwa mzunguko wa “rudia maadamu DMA_DONE iko”, mzunguko huo hauishi. Mashine imeganda, logi haina neno. Hata ukitumia MSI (intarapti inayotumwa kama ujumbe), ambayo haishirikiwi, intarapti iliyochelewa inaweza kukukuta katikati ya kulala.

Dawa iko kwenye draiva. Kabla ya kusoma rejista yoyote nje ya kishughulikia intarapti, shika kadi kwa pm_runtime_resume_and_get, na uliangalie jibu lake. Wengi hutumia pm_runtime_get_sync wakalipuuza jibu. Ikishindwa wanaendelea kugonga kadi iliyolala, na hesabu ya washikaji imeshapanda bila wa kuishusha. Kwa kazi ya joto usiiamshe kadi kabisa: tumia pm_runtime_get_if_active, na kama haiko macho, ondoka. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo. Kitendo chako cha kulala kikiita cancel_delayed_work_sync, kinaisubiri kazi ya joto imalize. Kazi ya joto nayo ikiwa imeomba kadi iamke, inasubiri kulala kukamilike kwanza. Hapo wawili wameshikana mashati na hakuna atakayeachia.

Wakati wa kulala, fuata mpangilio. Simamisha DMA kwa kuandika kwenye rejista, kisha soma rejista hiyo hiyo, kwa sababu uandishi haungojwi: prosesa inaendelea na safari kabla maandishi hayajafika. Subiri biti inayosema DMA imetulia. Ziba intarapti kwenye kadi, ita synchronize_irq, ndipo uiachie ilale. Kipimo cha 0xffffffff ndani ya kishughulikia kiweke, ila kama komeo la pili.

Ukitaka kuliona tatizo leo badala ya kungoja siku chache, shusha autosuspend_delay_ms (milisekunde za kungoja kabla ya kulala) hadi 10 na uwashe matukio yaliyo chini ya /sys/kernel/tracing/events/rpm. Utaona rpm_suspend na rpm_resume, na ukipanda trace_printk kando ya kila ioread32, msomaji aliyeingia kati yake ataonekana. Jihadhari na lspci hapa. Kadi ikiwa D3cold (usingizi wa umeme kukatwa), kusoma eneo la usanidi kwa lspci kunaiamsha kwanza, halafu utaniambia “mbona iko D0?” Soma power_state na power/runtime_status; hizo haziigusi kadi.

Na usijipe moyo kwamba draiva “ilifanya kazi kwenye kompyuta yangu”. x86 inakusamehe kwa kukupa biti za 1. Kwenye chipu nyingi za ARM, kugusa kifaa kilichozimiwa saa kunaleta SError (ishara ya kosa la mfumo), au kunaikwamisha prosesa papo hapo. Na kwa kuwa SError huweza kufika baadaye, orodha ya miito inayochapishwa hutaja kitendo kisicho na hatia kilichokuwa kinapita. Nimeona watu wakirekebisha draiva ya mtandao wiki nzima kwa kosa la draiva ya kamera.

Niliwahi kurithi mradi ambao pci=noaer ilikuwa kwenye mstari wa kuwashia tangu mfano wa kwanza kabisa. Hakuna aliyekumbuka ni nani aliiweka. Vifaa vilipoanza kufa vikiwa kazini, kila timu ilitazama logi, ikaona safi, ikailaumu timu nyingine. Nilipoiondoa, hesabu ya Bad TLP (pakiti zilizoharibika njiani) ikaanza kupanda palepale, kwenye nafasi moja tu, ile iliyounganishwa kwa kebo ya kurefusha. Kebo ilibadilishwa kwa dakika chache. Hawa wanaogawa vigezo vya kuwashia kama njugu, “weka hii kwenye mstari wa kuwashia, kelele zinaisha”, hawarudi kukuuliza baada ya miezi 6 kifaa kiko wapi. Anayekupa kigezo bila kukuuliza error status ilikuwa namba gani, hajui anatibu nini.

Basi ondoa vyote vitatu kabla hujapima chochote. Ukishawasha upya, soma /proc/cmdline kwa macho yako, usiangalie faili ya mipangilio uliyoihariri. Mara nyingi watu huhariri faili, wakasahau kutengeneza upya menyu ya kuwashia, na noaer ikabaki pale pale.