"Run" si kukimbia tu

Mdogo wangu, umeuliza kama "my mother runs a shop" pale soko la Virunga maana yake mama anakimbiza butiki. Hapana, anaiendesha, hata kama ameketi kwenye kigoda tangu asubuhi. Neno hili lina tumbo kubwa: kamusi kuu ya Oxford inalipatia maana zaidi ya 600, na hapo ni likitumika kama kitenzi tu. Usishangae sana, na sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, na hakuna anayeumia.

Kinachotuchanganya watu wa Goma ni Kifaransa cha shule. Mfaransa anasema mashine "inatembea", nasi tunasema moteri inatembea. Kwa Mwingereza mashine hiyohiyo inakimbia. Pua yenye mafua nayo "inakimbia", maskini! Kugombea ubunge, vilevile run.

Halafu angalia kijineno kinachofuata. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari. "Run into" ni kukutana na mtu bila kupanga, au kumgonga. Ukiwa juu ya chukudu, kile kibaiskeli chetu cha mbao cha kubebea mizigo, kwenye mteremko, mara nyingi ni hiyo ya pili.